Robine ya nje ya depo haingojee proje



Tunapofika kwenu kwa kazi ya ufuatiliaji, mnatupeleka kwanza ndani ya depo. Mnatuonyesha magunia, mizani na kaye ya mauzo. Ni vizuri. Lakini sisi macho yetu yanakuwa yamekwisha kuangalia robine ya nje, ile inayotoka ukutani mwa nyumba au iliyosimama juu ya tiyo yake kando ya pepinyeri. Robine hiyo inatuelezea mambo mengi kabla ya komite kufungua mdomo. Kama inadondoka na chini yake kumekuwa matope, kama imefungwa na kipande cha mpira wa kinga, kama imezibwa kwa kijiti au kwa gunzi la muhindi, tunajua kuna barua inayotungojea mezani. Na mara nyingi barua iko kweli: komite inaomba shirika linunue robine mupya.

Tunataka kusema wazi maoni yetu juu ya barua ya namna hiyo. Tunaona haifai kuandikwa. Robine ya nje ya nyumba ya koperative ni kazi ya koperative yenyewe, sawa vile mpini wa jembe ni kazi ya mwenye jembe. Kama vitu vyote viko tayari, ni kazi ya nusu saa. Barua yenyewe inaweza kuzunguka miezi mitatu.

Jibu la wengi tunalijua, maana tumelisikia Kalehe, tumelisikia Walungu, hata kule Fizi: "Ile robine ni ya proje. Bo benyewe baliiweka, bo benyewe batakuya kuitengeneza." Hatucheki watu wanaosema vile. Wako na sababu. Maji yalipoletwa, watu walichimba mfereji kwa salongo, mashirika yakaleta tiyo na simenti, wakubwa wakakata utepe, na kibao chenye jina la shirika kikabaki juu ya tangi mpaka leo. Mara chache sana mtu alisimama mbele ya wanachama akasema: kuanzia hapa mpaka pale ni yenu. Basi mtu anayesoma kibao kila siku ataaminije kwamba robine ni yake?

Lakini proje inakaa miaka miwili, mitatu, halafu biro inafungwa na gari linaondoka. Robine haijui kama proje imekwisha. Inafunguliwa asubuhi, inafungwa jioni, watoto wanaikaza kwa nguvu zote, mbuzi anajikuna juu ya tiyo, na kampira ka ndani kanakwisha. Sheria ya maji ya inchi yetu, nambari 15/026 ya tarehe 31 desemba 2015, imeweka huduma ya maji karibu zaidi na provensi na entite za chini. Ni jambo zuri. Hata hivyo hakuna gavana atakayekuja kubadilisha kampira.

Tuseme basi mpaka uko wapi, juu ya hapo ndipo ugomvi mwingi unatokea. Captage ya mlimani, tangi, na tiyo kubwa inayopita vijijini: hiyo ni ya komite ya maji na wale wanaoisaidia. Ikivunjika, andikeni barua, hata mbili, na sisi tutaibeba. Lakini kutoka kwenye vani ndogo iliyo karibu na nyumba yenu mpaka kwenye mdomo wa robine, hiyo ni ya nyumba. Wale walio mjini na maji ya REGIDESO wanaelewa upesi: kinachovuja ndani ya lupango, nyuma ya konteri, kinahesabiwa na mwenye nyumba anakilipa. Kijijini hakuna konteri, kwa hiyo watu wanafikiri maji yanayodondoka hayana bei.

Tuihesabu bei hiyo. Wekeni kikombe cha robo litri chini ya robine iliyofungwa, muangalie saa. Kama kikombe kinajaa kwa dakika 15, ni litri moja kwa saa, litri 24 kwa siku. Ni kuzidi bidoni nzima ya litri 20, kila siku, bila mtu kuigusa. Kwa mwezi wa siku 30 ni litri 720, maana yake bidoni 36. Mama gani hapa kwetu anaweza kubeba bidoni 36 mgongoni kisha akazimwanga njiani? Na hiyo ni robine inayodondoka tu. Ile inayotiririka hatutaki hata kuihesabu.

Sasa wekeni hesabu hiyo ndani ya saizoni C. Mvua imekatika mwezi wa sita, watu wameshuka kulima mabwawa, na juu kwenye depo miche ya kahawa iko chini ya kivuli ikingojea mvua ya mwezi wa tisa ili ipandwe shambani. Mche wa kahawa umelelewa miezi mingi. Hauwezi kukaa siku nyingi bila maji kwenye kijifuko chake kidogo cha plastiki. Tumeona pepinyeri ambayo robine yake ilivunjika shingo, vani ikafungwa ili maji yasipotee, na kila mtu akangoja. Mwenye zamu ya kumwagilia alishuka mtoni na arozwari mara mbili, mara tatu, kisha akachoka, kama mimi na wewe tungechoka. Miche ya upande wa jua ikakauka kwanza. Hiyo haikuwa hasara ya robine. Ilikuwa hasara ya mashamba ya miaka mitatu mbele, juu ya kahawa unayokosa kupanda leo hautaivuna kesho kutwa.

Kuna pia jambo la afya. Robine ya depo haimwagilie miche peke yake. Jirani wanachota hapo, watoto wa shule wanakunywa hapo. Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika yanafuata wakati wa dharura, vinasema robine moja isihudumie watu wanaozidi 250, na kila mtu apate angalau litri 15 kwa siku. Kijiji kikiwa na robine mbili na moja imefungwa, mstari unakuwa mrefu mara mbili, na wasio na subira wanashuka ziwani au mtoni. Watu wa Uvira na Kalemie hawahitaji kuelezwa kolera inatoka wapi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, na hapa tutachukua nafasi, juu ya tumeona robine nyingi zikitupwa bila kosa.

Angalieni kwanza maji yanatokea wapi. Kama robine imefungwa na bado inadondoka mdomoni, kilichokwisha ni kampira ka ndani. Robine yenyewe ni nzima. Kama inavuja juu, chini ya mkono wa kufungulia, wakati imefunguliwa, kazeni kwanza nati ya pale juu kidogo tu. Ikikataa, zungushieni uzi wa katani uliopakwa mafuta chini ya nati ile. Kama inavuja nyuma, pale inapoingia ukutani au kwenye tiyo, shida iko kwenye meno, na robine inaweza kurudishwa ileile baada ya kusafishwa. Ya kubadilishwa kabisa ni ile iliyopasuka mwili, ile ambayo meno ya ndani yamelika mpaka mkono unazunguka bure, na ile ambayo kikalio cha kampira kimechimbika. Kikalio mnakigusa kwa kidole: kikiwa laini ni kizima, kikikwaruza, hata kampira kapya hakatasaidia siku nyingi.

Wengi wanakata kampira kutoka kwenye mpira wa ndani wa kinga. Hatukatazi. Kwa siku chache za kungoja siku ya soko, kanasaidia. Lakini ni kembamba na laini, watu wanazidi kukaza ili maji yakatike, na kule kukaza ndiko kunakomaliza meno ya robine. Kampira ka franka kidogo kanaua robine ya bei kubwa.

Ikiwa ni lazima kubadilisha robine nzima, tangazeni siku moja mbele ili watu wachote mapema. Fungeni vani, kisha fungueni robine mpaka maji yaliyobaki yaishe. Nyumba isiyo na vani itabidi isikilizane na komite ya maji kufunga kule juu. Hapo ndipo mtaona faida ya kuweka vani siku hiyohiyo, ili ya mwaka kesho isisumbue kijiji chote.

Halafu kuna jambo ambalo tungependa kila mtu alishike hata kama atasahau mengine yote. Kwa kufungua robine ya zamani mnahitaji kle mbili, si moja. Kle ya kwanza inashika tiyo na kuizuia isizunguke. Kle ya pili inafungua robine, kwa kuelekea kushoto. Mtu anayekuja na kle moja na nguvu za ujana anazungusha robine pamoja na tiyo, na tiyo inakatika ndani ya ukuta, pale ambapo hamuioni. Hapo kazi ya nusu saa inakuwa kazi ya kubomoa ukuta. Robine ikikataa kabisa, msipige nyundo. Tieni mafuta kidogo, mungoje mpaka kesho.

Robine ya zamani ikitoka, msiitupe. Ipelekeni sokoni ndani ya kikapu, na mwenye kenkayeri alinganishe meno na meno. Tiyo nyingi za nje ni za nusu inchi, nyingine ni za robo tatu, na kwa macho mtu anadanganyika. Tumewaona watu waliotembea kilometa nyingi kurudisha robine isiyoingia, na muuzaji amekataa kuipokea.

Na pale kenkayeri, shikeni mkononi. Robine ya shaba ya kweli ni nzito. Ile nyepesi, inayong'aa sana kama pete ya sikukuu, imepakwa rangi tu, na shingo yake inapasuka mtoto akiegemea. Bei yake inavuta, lakini mkiinunua mara tatu mmepita bei ya ile nzito. Kuna pia robine za kufungua kwa robo ya mzunguko. Hizo hazikazwi kupita kiasi, na mtoto anaziweza. Ubaya wake ni kwamba mchanga unaoshuka na maji ya mlimani unakwaruza ndani, na zikianza kuvuja hazina kampira ka kubadilisha, mnatupa yote. Sisi, kwa maji ya mlimani yenye mchanga, tunapendelea zile za kukaza za zamani, mradi tupira twake tunapatikana kwenye soko lenu.

Hapo tuko na neno kwa mashirika pia, maana gazeti hili linasomwa hata maofisini. Msituletee robine nzuri za kubonyeza, zinazojifunga zenyewe, kama kipuri chake kinapatikana mbali kuliko Bukavu. Ni kifaa kizuri, kinaokoa maji, tunakubali. Lakini siku spiringi inakatika, kijiji kinarudi mtoni. Kabla ya kuchagua robine, tembeeni kwanza kwenye kenkayeri ya sentre ya jirani, muangalie ni nini kinauzwa pale.

Turudi kwenye tiyo. Safisheni meno kwa brosi ya chuma mpaka nyuzi na utepe wa zamani vitoke. Shikeni robine mupya, meno yakiwaangalia, mzungushie utepe mweupe wa tefloni kwa kufuata mshale wa saa, mizunguko kama kumi, mkiuvuta ukae vizuri ndani ya meno. Ukizungushwa upande mwingine, unajikunja na kutoka wakati wa kukaza. Ingizeni kwa mkono kwanza. Mkono ukishindwa, ndipo kle, polepole, mpaka mdomo uangalie chini. Mkiupitisha, msiurudishe nyuma, juu ya utepe utakuwa umeachia. Toeni robine, mfunge utepe upya. Na kama inaingia kwenye kona ya plastiki, msikaze kwa hasira. Plastiki haivumilii.

Fungueni vani kidogokidogo. Pangusani pale nyuma mpaka pakauke, kisha mguse na karatasi kavu baada ya nusu saa. Karatasi ikibaki kavu, kazi imekwisha. Kama robine imesimama peke yake juu ya tiyo, ifungeni kwenye nguzo ya mti mgumu au muijengee simenti, ili mbuzi na watoto wasiitingishe. Maji yanayomwangika yaelekezeni kwa mfereji mpaka kwenye migomba au lengalenga. Matope ya chini ya robine hayaleti faida kwa mtu.

Sasa makuta. Tunasikia, "Atuna makuta ya robine." Koperative ya wanachama 40, kila mmoja akitoa franka 500 kwa mwezi kwa ajili ya maji, inapata franka 20.000 kwa mwezi. Hatusemi kila koperative iko na nafasi sawa. Kuna miezi ambayo hata franka 500 ni chumvi ya nyumba, na tunaelewa. Basi ikusanywe wakati wa mauzo, mikononi mwa watu kukiwa na kitu, na iandikwe kwenye ukurasa wake ndani ya kaye ya mweka hazina, isichanganywe na makuta ya mbegu. Tunaomba depo iwe na sanduku dogo lenye robine moja ya akiba, tupira tano, utepe miwili na kle mbili. Mwenye kuazima kle aandike jina. Kle za koperative zinapenda kusafiri.

Na nani afanye kazi? Tunapouliza fundi wa robine ni nani, tunatajiwa kijana aliyekwenda mjini kutafuta maisha. Tunaona kila koperative ifundishe watu wawili, na mmoja awe mama. Wako ba papa wanaotabasamu tukisema hivyo, na wako ba mama wanaosema kazi ya chuma ni ya wanaume. Lakini ni mama anayefungua robine ile asubuhi, ni yeye anayesikia kwanza imeanza kuwa ngumu, na ni yeye anayepanga mstari siku maji yanakatika. Kampira kanabadilishwa na mtu anayejua kufungua nati na kuifunga. Hakuna ndani yake nguvu za kubeba gunia la muhogo, na gunia la muhogo mama zetu wanabeba.

Tumalize na kadena. Makomite mengine, yakichoka na robine inayoharibika, yanaifungia kwa kadena na ufunguo unakaa kwa mtu mmoja. Hatupendezwi na dawa hiyo. Siku mwenye ufunguo amekwenda soko la mbali au matanga, miche inakauka mbele ya robine nzima, na jirani wanaanza kuona depo kama adui. Usiku mmoja tiyo inakatwa, na hakuna aliyeona. Kupanga saa za kuchota ni sawa. Kama lazima kuwe na kadena, funguo ziwe mbili, moja kwa mlinzi na moja kwa mama wa komite ya maji.

Kwa makoperative ya groupement moja, tunapendekeza hivi kabla ya mwezi wa sita: wasimamizi wahesabu robine zao za nje, waandike ukubwa wa meno ya kila moja, na mtu mmoja anayepeleka kahawa au maharagi mjini arudi na tupira, utepe na robine za wote kwa pamoja. Bei ya kununua nyingi inazungumzwa. Bei ya kununua moja inatamkwa tu. Orodha hizo mkitupatia, tutamwonyesha mtu huyo kenkayeri zinazouza za shaba nzito. Na barua zinazokuja juu ya robine tutazisoma bado, ila swali letu la kwanza litakuwa lilelile: kampira mmekwisha kukabadilisha?